Anuradhapura: Mji wa magofu ambao bado unasali

UKISIKIA neno 'magofu', akili inakimbilia kuta zilizomea nyasi, popo na mlinzi anayesinzia getini. Futa hiyo picha. Anuradhapura, kaskazini ya kati nchini Sri Lanka, ni magofu kweli, lakini wenyewe hawajaondoka.

Mji huu ulikuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka 1,000, hadi majeshi ya Wachola kutoka kusini mwa India yalipouteka mwaka 993. Watu wakahama, msitu ukafunika. Mwaka 1982, Unesco iliuorodhesha kuwa Turathi ya Dunia.

Kitakachokuacha kinywa wazi ni Jetavanaramaya, stupa, yaani jengo la ibada lenye umbo la kuba. Inakadiriwa lilikula matofali milioni 93! Enzi zake lilifika mita 122, na ni piramidi mbili tu za Giza zilizolizidi. Si mchezo.

Lakini moyo wa mji ni mti. Wabudha wanaamini kuwa Sanghamitta, bintiye Mfalme Ashoka wa India, alileta tawi la mti ambao Buddha alikuwa ameketi chini yake alipopata mwangaza. Lilipandwa hapa karne ya tatu kabla ya Kristo. Leo matawi yake yameegemea nguzo, na chini yake watu waliovaa nyeupe wanapanga maua na kusali kimyakimya.

Mahali hapa pamelipiwa kwa damu. Mwaka 1985, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapiganaji wa Tamil Tigers walivamia mji na kuua zaidi ya watu 100, wakiwemo waumini waliokuwa kwenye mti huo. Ndiyo maana utapekuliwa kabla ya kuingia. Usinune.

Sasa, kama unapanga safari, shika haya. Kaptula na vesti viache hotelini. Mabega na magoti yafunikwe. Viatu na kofia unavua. Jua la saa saba likishapiga yale mawe, nyayo zitakukumbusha kwa nini wajanja hubeba soksi.

Na selfi? Piga, ila usiipe sanamu ya Buddha mgongo. Kwako ni posti tu, kwao ni matusi. Wenyeji hawatanii kwa hilo: mwaka 2014 mtalii Mwingereza alifukuzwa nchini kwa sababu ya tatuu ya Buddha mkononi.

Ukiweza, fika mwezi Juni wakati wa Poson, sikukuu ya mwezi mpevu inayoadhimisha kufika kwa Ubudha kisiwani. Umati ni mkubwa, vyumba ni adimu. Lakini kando ya barabara utakuta vibanda vya dansala, ambapo watu wa kawaida hupika na kugawa chakula bure. Panga foleni, pokea sahani yako. Hakuna atakayekuuliza dini yako.