Tshopo: Akasia yarudisha uhai kwenye mashamba yaliyochoka, lakini ardhi ni ya nani?

KISANGANI — Kila asubuhi baiskeli zilizosheheni magunia ya makala huingia Kisangani kutoka barabara za pembezoni, huku mitumbwi ikishusha shehena kama hizo kando ya Mto Kongo. Katika mji huu wenye wakazi zaidi ya milioni moja, nyumba nyingi hupikia makala au kuni. Msitu unaotoa makala hayo unazidi kuwa mbali, na mashamba yaliyobaki karibu na mji yamechoka.

Mmoja wa miti inayopandwa Tshopo kuziba pengo hilo ni akasia inayoitwa kitaalamu Acacia auriculiformis, ambayo asili yake ni Australia, Papua New Guinea na Indonesia. Kwingineko duniani mti huu hupandwa hata kwenye ardhi iliyoingiwa na chumvi, kwa kuwa huivumilia kwa kiasi. Tshopo, hata hivyo, adui si chumvi.

Udongo uliooshwa na mvua

Yangambi, kilomita 100 hivi magharibi mwa Kisangani, hupata mvua ya karibu milimita 1,800 kwa mwaka. Kwa maelfu ya miaka mvua hiyo imeosha chumvi pamoja na virutubisho, ikaacha udongo wenye tindikali na usio na rutuba nyingi. Msitu husimama kwa sababu hujilisha kwa majani yake yanayooza. Ukikatwa na kuchomwa, shamba hutoa mavuno mazuri kwa misimu michache tu, kisha mihogo huanza kudumaa.

Hapo ndipo akasia inapofaa. Mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, na majani yake yakianguka hurutubisha ardhi. Hukua haraka, na mbao zake hutoa makala mazuri.

Yangambi si ngeni kwa utafiti. Kituo cha kilimo cha INEAC kilianzishwa enzi ya Wabelgiji mwaka 1933, na leo kiko chini ya taasisi ya taifa, INERA. Ni huko ambako mradi wa FORETS, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuongozwa na CIFOR, ulianza mwaka 2017. Pamoja na kuwasomesha watafiti wa misitu wa Kongo, mradi huo uliwasaidia wakulima kupanda akasia na miti ya asili, huku mihogo na mahindi yakilimwa katikati ya miche.

Funzo la Mampu

Kongo ina mfano wa zamani zaidi. Huko Mampu, kwenye uwanda wa Bateke mashariki mwa Kinshasa, takriban hekta 8,000 za mchanga zilipandwa akasia kati ya mwaka 1987 na 1993. Baadaye zaidi ya familia 300 zilipewa viwanja vya hekta 25 kila moja. Miti ikikomaa hukatwa na kuchomwa makala, mihogo na mahindi hupandwa, na mbegu za akasia zilizomo ardhini huota upya. Asali nayo huongeza kipato.

Lakini akasia si msitu wa asili. Haiwezi kuchukua nafasi ya afromosia au ya wanyama wanaotegemea miti mikubwa, na moto usiodhibitiwa unaweza kuteketeza jasho la miaka kwa siku moja. Mahali pake ni shamba lililochoka, si msitu uliosimama.

Kuna swali gumu zaidi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya dola, ilhali kijijini anayegawa shamba ni chifu au ukoo. Tshopo inajua gharama ya mgongano huo: tangu mwaka 2023, mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu wengi na kuwafukuza maelfu makwao.

Mihogo huvunwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Akasia ya makala huhitaji miaka minane hadi kumi. Familia za Mampu zilipewa viwanja vyao. Mkulima wa Tshopo asiye na uhakika kama shamba litakuwa lake mwaka ujao ataendelea kupanda mihogo, na makala ya Kisangani yataendelea kutoka msituni.