Mkanda wa Taimingi: Imeandikwa Wapi?



Siku niliyonunua Hiace ya dizeli kwa ajili ya familia na wanafunzi wetu wa madrasa, muuzaji alinihakikishia kwamba mkanda wa taimingi ulikuwa mpya. Mama watoto, aliyekuwa ameketi kando, akauliza, "Imeandikwa wapi?" Nilimtupia jicho la kumnyamazisha. Muuzaji alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, nami niliona haya kumdai ushahidi.

Miezi saba baadaye tulikuwa tukirudi kutoka harusini Malindi, baada ya swala ya Isha, watu kumi na mmoja garini, wanne kati yao watoto wadogo. Tulipokaribia Kikambala injini ikazimika ghafla, pasi na mlio wala moshi. Usukani ukawa mzito, na nyuma yetu lilikuja lori likipiga honi. Mwenyezi Mungu alitusitiri tukafika ukingoni mwa barabara. Tulikaa pale hadi usiku wa manane, wanawake wamewakumbatia watoto gizani, nami sina la kusema mbele ya mke wangu.

Kesho yake fundi alifungua kifuniko cha mbele ya injini, akanitolea mkanda uliokatika, mpira wake umejaa nyufa. "Ustadh," akaniambia, "huu haujaguswa tangu gari litoke kiwandani." Valvu kadhaa zilikuwa zimepinda, na gharama ya kuzitengeneza ilipita mara nyingi bei ya mkanda mpya pamoja na ujira wa kuufunga.

Tuuelewe mkanda huu, kwa kuwa wengi huuchanganya na mkanda wa feni. Ule wa feni uko nje, huonekana ukifungua boneti, na mara nyingi hulia kabla ya kukatika. Wa taimingi umefichwa nyuma ya kifuniko na aghalabu haulii. Kazi yake ni kuunganisha kranki, iliyoko chini na kuzungushwa na pistoni, na kemshafti, inayofungua na kufunga valvu. Valvu ni vijilango vya chuma vya kuingizia hewa na kutolea moshi. Kranki ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja, bila ya kukosea hata jino moja la mkanda. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 25 kwa sekunde. Ni kama wapigaji matari katika maulidi: wote hushika mdundo mmoja.

Mkanda ukikatika, kemshafti husimama, na baadhi ya valvu hubaki wazi ilhali pistoni zingali zikipanda kwa nguvu. Ziko injini zilizoachiwa nafasi, ambamo gari huzimika tu bila ya madhara makubwa. Nyingine hazina nafasi hiyo, na pistoni huzigonga valvu. Injini za dizeli zimo katika kundi hili la pili, maana nafasi iliyo juu ya pistoni zake ni finyu mno.

Basi ubadilishwe lini? Kitabu cha gari ndicho kadhi wa suala hili. Watengenezaji wengi hutaja kilomita 100,000 au karibu na hapo, wengine chini yake, wengine hufika 150,000. Pamoja na kilomita kuna miaka, kwani mpira huzeeka hata gari likiwa limelala uani. Mafuta ya injini yakiudondokea, huharibika mapema zaidi. Nasi wa Mombasa tuna jambo letu: katika foleni ya feri ya Likoni injini hunguruma na mkanda huzunguka, ilhali kilomita hazisogei. Usingoje siku ya mwisho ya muda uliowekwa.

Si kila gari lina mkanda huu. Vitz na Probox hutumia mnyororo wa chuma, ambao hauna muda kama huo wa kubadilishwa, ila unataka oili safi. Hiace na Prado nyingi za dizeli, na Subaru nyingi zilizoundwa kabla ya 2010, zina mkanda. Katika Toyota nyingi za dizeli huwaka taa yenye maandishi T-BELT muda unapotimia. Lakini fundi aweza kuizima bila ya kubadilisha chochote, na gari lililorudishwa nyuma kilomita zake taa hiyo huchelewa kuwaka.

Hapa ndipo nilipokosea mimi niliyesomesha fiqhi miaka mingi. Tunawafundisha watoto kwamba yakini haiondolewi na shaka: mwenye yakini kuwa hana udhu, akashuku iwapo alitawadha, huyo hana udhu. Kwa gari la mitumba, yakini ni kwamba lilitoka kiwandani na mkanda wake. Kubadilishwa ni dai. Dai lisipokuwa na hati, uhesabu mkanda kuwa na umri wa gari lenyewe, na gari lililotumika huweza kuingia Kenya likiwa na miaka hata 8.

Hati yenyewe hutafutwa hivi. Mafundi wa Japani huwa na desturi ya kubandika karatasi ndogo ndani ya boneti, yenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Mwaka huenda umeandikwa kwa hesabu yao: H28 ni 2016, na R3 ni 2021. Ikiwa kazi ilifanyiwa hapa, omba risiti ya gereji. Kumwomba muuzaji maandishi si kumtuhumu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana madeni. Na muuzaji ajuaye kwamba mkanda ni wa zamani akanyamaza, ameficha aibu ya bidhaa, na hilo ni ghushi.

Fundi akishafungua, mwambie atazame pia pampu ya maji, tenshona na beringi zake, kwani kuzifikia baadaye ni kulipa ujira mara mbili.

Na wewe dada unayeendesha, injini ikizimika safarini, shika usukani kwa mikono miwili, washa taa za hatari, kanyaga breki kwa uthabiti mara moja bila ya kuipigapiga, uelekee ukingoni. Kisha usijaribu kuwasha tena na tena, kwani kila jaribio laweza kuongeza valvu zilizopinda.

Hiace yetu ingali ikibeba wanafunzi. Ndani ya boneti pana kibandiko chenye tarehe na kilomita, kwa mwandiko wa mama watoto.