Kutengeneza, Kujenga au Kununua Nyumba: Anza na Mirathi

SUALI:
Marehemu baba yetu, mtu wa Pemba, aliishi Lisekese, Masasi, akifanya biashara ya korosho. Ameacha nyumba yenye bati bovu, na mama yetu bado anakaa humo. Tupo wanaume wawili na dada mmoja aliyeolewa. Mimi ni mkubwa na nipo Unguja. Je, niitengeneze nyumba ile, nijenge kwangu, au ninunue iliyo tayari?

JAWABU:
Nyumba ni utulivu, nayo ni miongoni mwa neema ambazo Allaah ametukumbusha katika Suratun-Nahl, aya ya 80. Utulivu huo hauji juu ya haki ya mwenzio, basi la kwanza ni kujua nyumba ni ya nani.

Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, na kama hakuna mrithi mwingine, mali inagawiwa mafungu 40: mama thumni, yaani mafungu 5; kila mtoto wa kiume 14; dada 7. Nyumba ikikadiriwa shilingi milioni 20, mama ana milioni 2.5, nyinyi wawili milioni 7 kila mmoja, na dada milioni 3.5. Kusema "yeye ameshaolewa" hakumwondolei hata shilingi moja. Kwa mali iliyopo Masasi, msimamizi wa mirathi huthibitishwa na mahakama, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo.

KUTENGENEZA
Ukitia fedha bila ya idhini ya wenzio, usije kesho ukadai kuwa nyumba ni yako au wakulipe. Kaeni kikao, muandike na muweke mashahidi: fedha hizo ni sadaka kwa mama, ni deni juu ya warathi, au ni sehemu ya kununulia mafungu yao? Suratul-Baqarah, aya ya 282, imetuamrisha kuandika madeni. Ukitaka kununua mafungu, nunua kwa bei ya haki na kwa ridhaa, si kwa kumstahi kaka mkubwa.

KUJENGA
Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameonya vikali juu ya anayechukua hata shibiri ya ardhi kwa dhulma. Kwa hiyo usinunue kiwanja kwa maneno ya dalali. Tanzania Bara, Sheria za Ardhi za 1999 zimeiweka ardhi yote chini ya udhamini wa Rais. Anachouziwa mtu ni haki ya kuitumia. Uliza halmashauri ya mji, au serikali ya kijiji kama ni ardhi ya kijiji. Unguja na Pemba, angalia hati chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992. Na fundi muandikiane kazi, ujira na muda.

KUNUNUA
Hakikisha nyumba si ya mirathi isiyogawiwa wala haikuwekwa rahani. Ikiwa ni nyumba ya ndoa huko Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mke au mume wa muuzaji.

FEDHA
Mkopo wa riba ni haramu, hata kwa nyumba. Njia ya halali ni kama murabaha: benki inamiliki kwanza bati na saruji, kisha inakuuzia kwa faida inayojulikana na bei isiyozidi ukichelewa. Amana Bank, iliyoanza 2011, inafanya kazi kwa misingi ya Kiislamu, na PBZ ina kitengo chake; hata hivyo soma mkataba kabla ya kutia saini. Wala msiuze korosho zikiwa bado maua ili mpate fedha za bati. Na akiba ya ujenzi ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, ina Zakaah, asilimia 2.5, nyumba unayokaa haina.

USHAURI WETU
Mama asingoje kesi za ardhi chini ya bati linalovuja. Tafuta leo idhini ya warathi wote kwa maandishi, dada akiwemo, mtengeneze paa kabla ya mvua. Kisha gaweni mirathi. Baada ya hapo ndipo utajua una kiasi gani cha kujengea Unguja, na kama unahitaji kujenga. Nyumba ya chumba kimoja isiyo na machozi ya mtu ni bora kuliko ghorofa lililojengwa kwa fungu la dada.

Wallaahu A'lam.