Mali bila daftari hupotea bila habari

Katika msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, anaishi mnyama ambaye asili yake haipo penginepo duniani ila katika visiwa hivi. Wazee wetu humwita kima punju. Vitabu vya wataalamu vinamwita kwa jina la mtu, Kirk, nalo alipewa mwaka 1868 na mtaalamu wa makumbusho ya London. Ni haki yetu kuuliza huyo Kirk alikuwa nani, na kwa sababu gani jina lake limekaa juu ya vitu vyetu.

John Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh, na elimu ya mimea aliipenda tangu ujana wake. Mwaka 1858 alifuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi, akiwa tabibu na mkusanyaji wa mimea. Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa, akapoteza madaftari yake na michoro mingi ya mimea. Hata hivyo hakuiacha kazi. Mwaka 1866 aliletwa Unguja kuwa tabibu wa ofisi ya balozi wa Uingereza. Huko alipanda vyeo hata akawa yeye mwenyewe balozi, wala hakuondoka mpaka mwaka 1886. Alifariki kwao Uingereza mwaka 1922.

Alipofika Unguja, sandarusi ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za bandari yetu, ikipelekwa Ulaya na Marekani kufanywa vanishi. Iliyo bora kabisa ilichimbwa ardhini huko Mrima, mara nyingi mahali ambapo hapakuwa tena na mti wowote. Kirk alichunguza vipande vilivyokuwa na majani na maua yaliyonaswa ndani yake, akaonyesha kwamba sandarusi ya kale na ile mbichi zote zilitokana na msandarusi ule ule. Aliushughulikia pia mpira wa mwituni, na mtambaa mmoja wa pwani unaotoa utomvu huo ukapewa jina lake. Huko Mbweni alijenga nyumba na kupanda bustani, akipokea na kupeleka mbegu na miche baina ya Unguja na bustani ya Kew, karibu na London.

Hatusemi haya ili kumsifu mkoloni. Kirk ndiye aliyemkabili Seyyid Barghash mwaka 1873, akiwa na vitisho vya manowari nyuma yake, hata ukatiwa sahihi tarehe 5 Juni mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Jambo lenyewe lilikuwa la haki. Lakini serikali iliyomtuma ndiyo hiyo iliyokaa na Wajerumani mwaka 1886 na kumbakishia Sultani ukanda wa maili 10 tu katika sehemu kubwa ya pwani ya bara. Na mwaka 1890 visiwa vyenyewe vikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Hayo hayasahauliki. Hata hivyo, wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, na haki yake mpeni. Haki ya Kirk ni hii, kwamba alichokiona alikiandika, na alichokiandika alikihifadhi.

Ila tuulize pia aliyajuaje aliyoyaandika. Katika safari ya Zambezi alikusanya sumu ya mishale iliyoitwa kombe. Sumu hiyo iligusana na mswaki wake mfukoni, na baada ya kupiga mswaki aliona mapigo ya moyo wake yamepungua. Utafiti uliofuata huko Edinburgh ulitoa dawa ya moyo iliyotumika miaka mingi. Wenye mishale walikuwa wakiijua nguvu ya mmea huo kabla yake, na neno lao, kombe, limebaki ndani ya jina la kitaalamu. Wao wenyewe hawatajwi kwa majina. Vivyo hivyo wachimbaji wa sandarusi na wagemaji wa mpira: elimu ilikuwa yao, daftari lilikuwa la mwingine.

Wala Kirk mwenyewe hakusalimika na kanuni hiyo. Mwaka 1884 alipeleka Kew mmea mdogo wenye maua ya zambarau, lakini haukutangazwa. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa Tanga, Saint Paul, alipeleka kwao mbegu za ua la namna hiyo, na mwaka 1893 likaandikwa kwa jina lake. Sasa limo katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani.

Funzo la haya yote linatuhusu sisi wenyewe. Mti mmoja waweza kuwa na jina lake Makunduchi, jingine Tumbatu, na jingine Pemba. Na kila jina limebeba habari ya kazi yake: huu wa boriti, huu wa mtumbwi, huu wa homa ya mtoto. Elimu hiyo imo vifuani mwa wazee. Kila mzee anapozikwa kabla ya kuulizwa, ukurasa umechanika ambao hauna nakala. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 inaweza kuulinda mti usikatwe, lakini haiwezi kulilinda jina lisisahauliwe.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wenye madaraka ya misitu, elimu na utamaduni kulifanya jambo hili kuwa kazi ya serikali, lisiachiwe mapenzi ya mtu mmoja mmoja. Masheha wawataje wajuzi wa shehia zao. Walimu wawatume wanafunzi kwa wazee hao wakiwa na daftari na kalamu. Kila mmea uandikwe jina lake, mahali pake na matumizi yake, pamoja na jina la aliyeeleza, kwa ridhaa yake. Na nakala ihifadhiwe hapa hapa visiwani.

Kirk alihitaji miaka 20 ugenini kuyajua machache ya mimea yetu. Sisi tulizaliwa nayo. Hatuna udhuru wa kwenda kuyasoma majina yake Kew.