Miguu Mitupu Anuradhapura: Maandalizi ya Msafiri Mwenye Kisukari

Mji wa Anuradhapura, uliokuwa makao makuu ya wafalme wa Sri Lanka kwa zaidi ya miaka 1,000, hupokea mahujaji wa Kibuddha na wageni wengine wengi. Humo umo mtini mtakatifu uliopandwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na Ruwanwelisaya, kuba kubwa jeupe lililojengwa kuhifadhi masalia ya Buddha. Kila aingiaye katika viwanja hivyo huvua viatu na kofia.

Kwa mwenye kisukari, desturi hiyo yadai maandalizi. Sakafu za mawe huwaka kwa jua la adhuhuri, na mguu ulioingia ganzi hauhisi moto. Lengelenge lisilogunduliwa hugeuka kidonda, na kidonda kilichopuuzwa chaweza kuleta kukatwa mguu.

Basi mgonjwa na apimwe miguu kabla ya kukata tiketi. Mhudumu wa afya aguse nyayo kwa uzi maalumu wa nailoni, apate kujua kama hisi imepungua. Ikiwa imepungua, mgonjwa azuru asubuhi na mapema, mawe yangali baridi. Avae soksi nene zinaporuhusiwa. Na kila jioni akague nyayo kwa kioo. Insulini isiachwe ndani ya gari lenye joto.

Huko Mihintale, karibu na Anuradhapura, yangalipo magofu ya hospitali ya kale ya watawa, na birika la jiwe lililochongwa kwa umbo la mwanadamu, la kumlaza mgonjwa ndani ya dawa. Watawa walitibiwa papo hapo walipoabudu. Msafiri naye asione haya kuilinda miguu yake hekaluni.