Fedha ya Umma kwa Bustani ya Wanyama: Somo la Vyura wa Kihansi



Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, viongozi wa serikali za mitaa hupokea ombi linalofanana: bustani ya wanyama inaomba fedha ya umma ili ijenge jengo jipya la kuonyesha wanyama na mimea ya misitu ya kitropiki. Kwa mtazamo wa kwanza twaweza kudhani kwamba jambo hilo halituhusu. Lakini misitu inayoonyeshwa humo mara nyingi ni ya kwetu na ya jirani zetu: ya Kongo, ya Madagaska, ya milima ya Udzungwa. Tena wapo ndugu zetu wanaoishi katika miji hiyo, ambao kodi yao ndiyo inayoombwa. Na swali lililomo ndani ya ombi hilo ni la watu wote: je, ni haki kutumia fedha ya wote kwa ajili ya sokwe na vyura, hali wapo watu wasio na dawa wala makazi?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418, inaligusa swali hili kwa pande zote mbili. Inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, na kwamba kuwatesa au kuwaua pasipo sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Hapo hapo inafundisha kwamba haifai kuwatumia wanyama fedha ambayo kwanza ilipaswa kupunguza mateso ya watu. Tulitazame vema neno hilo “kwanza”. Halikatazi kuwagharimia wanyama, bali linaweka utaratibu wa mambo. Kwa hiyo anayeomba fedha ya umma kwa ajili ya wanyama ana wajibu wa kueleza kwa nini gharama hiyo haimdhulumu maskini, na ikiwezekana, namna inavyomfaa.

Vyura waliovuka bahari

Wengi wetu tunakumbuka jinsi vyura wa Kihansi walivyokuwa gumzo nchini Tanzania. Ni vyura wadogo mno, mtu mzima wao hafikii sentimeta tatu, nao huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Wanasayansi waliwagundua mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, wakiishi katika eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya maji. Wakati huo bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa juu yao. Mitambo ilipoanza kazi, sehemu kubwa sana ya maji ilielekezwa huko, na manyunyu yakakoma.

Hatusemi kwamba bwawa lile lilikuwa kosa. Umeme wake, megawati 180, umewasha taa katika hospitali na shule zetu. Lakini kiumbe ambacho hakipo mahali pengine popote duniani kilikuwa kinakaribia kutoweka. Mwishoni mwa mwaka 2000, kwa makubaliano na Serikali ya Tanzania, vyura 499 walipelekwa Marekani. Huko nako mambo yalikuwa magumu: vyura walikufa kwa wingi hadi wakabaki chini ya mia moja, kabla wahudumu wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo hawajajua namna ya kuwapatia mwanga, chakula na unyevu unaowafaa. Kule Kihansi yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji, na kwa muda vyura waliongezeka. Kisha wakapungua ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba hawapo tena porini.

Wote waliobaki duniani walikuwa ndani ya masanduku ya vioo, mbali na kwao. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nyumbani na kutunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 zaidi ya 2,000 walirejeshwa katika korongo la Kihansi. Kwa hakika, bila bustani zile za wanyama, pasingekuwa na kitu cha kurudisha.

Gharama isiyoonekana

Hata hivyo, si kila jengo la kitropiki ni safina ya Nuhu. Yapo yanayojengwa ili tu kuvuta wageni na kuuza tiketi. Ndiyo maana inafaa kuelewa fedha hizi zinavyofanya kazi.

Ombi la namna hii huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni fedha ya kujenga, ambayo hutolewa mara moja na ndiyo inayotangazwa. Ya pili ni fedha ya kuendesha, ambayo haina mwisho. Msitu wa joto katika nchi ya theluji unahitaji paa linalopitisha mwanga, joto usiku na mchana wakati wote wa baridi, unyevu wa kudumu, madaktari wa mifugo na wahudumu wanaolipwa kila mwezi. Injili ya Luka inatukumbusha mjenzi wa mnara anayepaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Baraza linalotoa fedha ya ujenzi bila kuuliza nani atalipa mafuta na mishahara miaka ishirini ijayo limehesabu nusu tu.

Wananchi wa kawaida huielewa tofauti hiyo. Mwezi Mei 2014, wapiga kura wa Kaunti ya Franklin, jimboni Ohio, walikataa kwa wingi mkubwa kodi ya kudumu iliyoombwa na Bustani ya Wanyama ya Columbus, ambayo pamoja na mambo mengine ilitaka kujenga tawi katikati ya jiji. Mwaka uliofuata, wapiga kura wa kaunti hiyo hiyo walikubali kodi ya zamani iendelee. Hawakuwachukia wanyama, walikataa mzigo mpya usio na ukomo.

Msitu wenyewe unapata nini?

Tunaona kwamba swali linalopaswa kuamua ni hili: jengo lile linaurudishia nini msitu ambao limechukua jina lake na uzuri wake?

Mfano mzuri upo kule kule Bronx. Bustani hiyo imejengwa juu ya ardhi ya Jiji la New York, na jiji huchangia gharama zake. Mwaka 1999 ilifungua maonyesho ya msitu wa Kongo yaliyogharimu dola milioni 43. Wageni walitozwa kiingilio cha ziada cha dola chache, na mwishoni mwa matembezi kila mmoja alichagua mwenyewe mradi wa uhifadhi ambao fedha yake ingeusaidia Afrika ya Kati. Katika miaka 10 ya kwanza zilipatikana zaidi ya dola milioni 10. Hali kadhalika, Bustani ya Wanyama ya Zürich, nchini Uswisi, ilifungua mwaka 2003 jumba la msitu wa Masoala lenye ukubwa wa mita za mraba 11,000 hivi, nayo huisaidia Hifadhi ya Taifa ya Masoala kule Madagaska. Jengo lililofungamanishwa hivyo na msitu halisi lina haki ya kubisha mlango wa umma.

Lakini hapa hatuwezi kunyamaza juu ya jambo chungu. Mwezi Septemba 1906, bustani hiyo hiyo ya Bronx ilimweka Mkongo mmoja, Ota Benga, katika nyumba ya nyani ili watu wamtazame. Wachungaji Weusi wa New York walipinga kwa nguvu hadi akatolewa. Alijiua mwaka 1916, na taasisi inayoiendesha bustani hiyo iliomba radhi hadharani mwaka 2020. Kisa hiki kinatufundisha kwamba mtu anaweza kuustaajabia msitu wa kitropiki na wakati huo huo kumdharau mwenye msitu. Maonyesho yanayowasifu sokwe na kuwasahau wanakijiji wanaoishi jirani nao bado yana ugonjwa ule ule, ingawa umepungua.

Maswali manne

Basi, anayeombwa kura au kodi yake kwa jambo hili na aulize: Je, gharama ya kuendesha imehesabiwa, na nani ataibeba? Je, huduma za lazima kwa maskini wa mji ule zimelindwa kwanza? Je, sehemu gani ya mapato itakwenda katika msitu halisi, na nani atatoa taarifa yake kila mwaka? Je, watu wa nchi ya msitu huo wanashirikishwa na kupewa elimu, kama ilivyofanyika Dar es Salaam? Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Nasi tulio huku tusijidhanie watazamaji tu. Hayati Papa Fransisko, katika Waraka wake “Laudato si’” wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kila aina ya kiumbe inayotoweka kwa sababu yetu haitampa tena Mungu utukufu kwa kuwapo kwake. Ilitubidi kuwapeleka vyura wetu ng’ambo kwa sababu tuliwagundua wakati bwawa linajengwa. Fedha kidogo ya kuchunguza korongo kabla ya ujenzi ingegharimu kidogo kuliko mabomba, ndege na maabara. Basi tunapowauliza wengine maswali hayo manne juu ya majengo yao, tuyaulize pia katika mabaraza yetu, kabla mto mwingine haujageuzwa njia.