Nyumba ya kupangisha: Piga hesabu kabla hujachimba msingi

Mavuno yakishauzwa, fedha nyingi za mpunga, ufuta na korosho hugeuka matofali. Mkulima ananunua kiwanja mjini, anachimba msingi wa vyumba sita, anainua kuta hadi kwenye lenta, fedha zinakwisha. Msimu unaofuata anakosa hata ya mbegu na mbolea, na boma linaota majani.

Kupangisha nyumba ni biashara nzuri kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, kwa kuwa huingiza fedha hata mvua zisiponyesha. Lakini boma halilipi kodi. Vyumba viwili vilivyoezekwa ni bora kuliko sita visivyo na paa. Jenga kile unachoweza kukimaliza bila kugusa mtaji wa shamba, kisha ongeza vingine kidogo kidogo.

Hesabu za kweli

Tuchukue mfano. Umetumia Sh16 milioni kwa kiwanja na vyumba vinne, kila kimoja unakipangisha kwa Sh40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh1,920,000, na wengi watasema fedha itarudi kwa miaka minane na ushee.

Hapo hujakatwa kitu. Kila chumba kikikaa wazi miezi miwili kwa mwaka, unapoteza Sh320,000 na kubaki na Sh1,600,000. Tenga asilimia 10 kwa matengenezo na asilimia 10 nyingine kwa kodi ya serikali. Mkononi zinabaki Sh1,280,000. Sasa fedha yako itarudi baada ya miaka 12 na nusu.

Kama umejenga kwa mkopo, linganisha kiasi hicho na marejesho ya mwaka. Marejesho yakizidi, shamba ndilo litakaloilipia nyumba.

Kiwanja kwanza

Chagua mahali ambapo wapangaji wapo tayari: karibu na soko, stendi, chuo au hospitali. Penye wapita njia wengi, fremu ya duka inaweza kulipa kuliko chumba cha kulala.

Karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mliuziana, si hati ya kumiliki ardhi. Kabla ya kulipa, nenda ofisi ya ardhi ukahakikishe kiwanja kimepimwa, kinamilikiwa na nani, na matumizi yake ni makazi au biashara. Kwa ardhi ya kijiji, taratibu ziko kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji lazima ihusike.

Angalia pia hifadhi ya barabara na mabonde ya maji. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara jijini Dar es Salaam zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Nyumba ikivunjwa, mtaji na kodi vyote vimekwenda.

Mkataba na daftari

Mpangaji akishapatikana, hata akiwa ndugu, andikianeni mkataba. Uonyeshe kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, muda wa kupeana taarifa ya kuhama, na nani anatengeneza kitu kikiharibika. Toa stakabadhi kila unapopokea fedha, na uwe na daftari la kila chumba.

Umeme ndio chanzo kikubwa cha ugomvi uani. Ukiweza, kila mpangaji awe na mita yake. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo mpangaji anaponunua umeme hukatwa kodi ambayo ni ya mwenye nyumba. Kubalianeni mapema atarudishiwa vipi. Mpangaji wa fremu ambaye ni mfanyabiashara naye anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA). Muulize mapema, ili usishangae kupokea pungufu.

Asipolipa, usifunge mlango kwa kufuli jipya wala kutupa vyombo vyake nje. Mpe taarifa kwa maandishi, na ikishindikana peleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu mwaka 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu.

Kodi ya miezi sita

Desturi ya kulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo inafanana na mavuno: fedha inaingia siku moja, kisha ni ukame mrefu. Mpangaji akihama mapema, anaweza kudai miezi aliyobakiza, na paa halingoji likiamua kuvuja.

Gawanya fedha hiyo siku hiyo hiyo. Weka pembeni ya matengenezo na ya kodi ya serikali, na inayobaki ihesabu kwa mwezi. Ukiona baada ya mwaka mzima hesabu inakaa sawa, hapo ndipo uchimbe msingi wa chumba cha tatu.